Hasira ya Jirani: Watu wa Kati ya Nyasa na Tanganyika Walivyosoma Moyo na Tabia

Katika nchi iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, homa ya mtoto, ng'ombe aliyekutwa amekufa zizini au mvua iliyochelewa ilisomwa kwa vizazi vingi kama habari za moyo wa mtu. Wenye msiba waliuliza nani ana kinyongo, nani kanyimwa haki yake, nani kala peke yake. Msangano, iliyo katika Wilaya ya Momba mkoani Songwe, imo ndani ya nchi hiyo. Wenyeji wake wengi ni Wanyamwanga, na majirani zao ni Wawanda wa bonde la Rukwa na Wanyiha wa Mbozi. Mbele kidogo, upande wa mashariki, wapo Wasafwa, Walambya, Wandali na Wanyakyusa. Magharibi wapo Wafipa, na kusini Wabemba. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyeishi bila kusikia habari za mwenzake, na mawazo juu ya hasira, husuda na tabia ya mtu yalivuka mipaka ya lugha zao kama yalivyovuka majembe ya chuma na chumvi.

Historia ya mawazo hayo imeandikwa kwa vipande, na sehemu kubwa imeandikwa na wageni. Karne ya 19 ilikuwa ngumu katika ukanda huu. Wabemba walivamia kutoka kusini, Wangoni walipita na kuacha uharibifu, na misafara ya pembe na watumwa ilikatiza kati ya maziwa hayo mawili. Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani ziligawana ardhi kwa mkataba uliotiwa saini Berlin, na mstari ukapita katikati ya Wanyamwanga: baadhi wakabaki upande wa Wajerumani, wengine upande wa Waingereza, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Kwa Waingereza, misheni ya Waskoti wa Livingstonia ilijenga kituo Mwenzo, karibu na Nakonde ya sasa. Daktari wake, James Chisholm, alichapisha mwaka 1910 maelezo juu ya desturi za Wanyamwanga na majirani zao Waiwa. Kwa Wajerumani, Wamoravian walifungua kituo cha Mbozi mwaka 1899, na Traugott Bachmann akakaa huko na Wanyiha hadi miaka ya Vita Kuu ya Kwanza. Bachmann alifika akiwa mkali juu ya mila. Miaka ilivyokwenda alijikuta akitetea mambo mengi aliyoyalaani mwanzoni. Ndoa za wake wengi, matambiko na maombolezo hayakuwa yamebadilika. Kilichobadilika ni jicho lake.

Mmoravian mwingine, Elise Kootz-Kretschmer, alikusanya masimulizi ya maisha ya watu wa kawaida wa ukanda huu, wakiwemo wanawake waliotekwa au kuwekwa rehani utotoni. Mwanahistoria Marcia Wright aliyarudisha kwa wasomaji wa Kiingereza katika kitabu chake cha mwaka 1993 juu ya watumwa na wanawake wa Afrika ya Mashariki na Kati. Masimulizi haya yana thamani ya pekee kwa mada hii, kwa kuwa msimulizi haelezi yaliyompata tu, bali pia jinsi alivyoyapokea na alichofanya baada ya kuyapokea hivyo. Kutekwa, kuuzwa na kuhamishwa kunasimuliwa zaidi kama kukosa mlinzi, kama kukatika kwa ukoo uliopaswa kumsimamia mtu, na ni kwa nadra kunasimuliwa kama kupoteza uhuru wa nafsi. Mwanamke aliyeiona hali yake hivyo alitafuta mume, mlezi au misheni itakayomkinga. Hakutafuta kuishi peke yake. Msomaji wa leo anaweza kuona unyonge katika uamuzi huo. Kwa mtu wa miaka ya 1890, katika nchi ambamo msafara wa utumwa ungeweza kutokea alfajiri, ulikuwa ujasiri na akili timamu.

Uchunguzi wa kina juu ya hisia na tabia ulifanyika kwa Wanyakyusa wa Rungwe. Godfrey Wilson na mkewe Monica waliishi nao kwa nyakati tofauti kati ya 1934 na 1938. Godfrey alifariki mwaka 1944. Monica, ambaye baadaye alikuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Cape Town, aliendelea kuandika, akarudi Unyakyusa mwaka 1955, na akatoa vitabu vinne juu ya watu hao, cha kwanza mwaka 1951. Mwaka 1958 alitoa pia kitabu kifupi kinachowapitia watu wote wa ukanda wa Nyasa na Tanganyika, Wanyamwanga wakiwemo.

Kilichowashangaza akina Wilson kwanza ni kijiji chenyewe. Mnyakyusa hakuishi na ndugu zake. Mvulana wa miaka kumi hivi aliondoka kijiji cha baba yake, akajenga kibanda na wenzake wa rika lake pembeni, wakachunga ng'ombe pamoja na kula pamoja, wakizunguka kundi zima kwenye nyumba za mama zao. Walipooa, walileta wake zao hapo hapo, na kijiji kikabaki cha watu wa umri mmoja hadi uzee. Kila baada ya kizazi, takribani miaka 30, ilifanyika sherehe kubwa ya ubusoka, ambamo baba waliwakabidhi wana wao uongozi wa nchi. Mali, hasa ng'ombe, ilipita kwenye ukoo; chakula, bia na mazungumzo vilikuwa vya majirani. Neno ukwangala lilibeba sifa ya maisha haya: kukaa pamoja kwa uchangamfu, adabu na mzaha, mtu akiwa mwepesi wa kukaribisha na kukaribishwa. Mwenye tabia njema alijulikana kwa hilo kabla ya jambo jingine lolote. Anayekula mlango umefungwa, anayepita bila kusalimu, anayejivuna kwa mifugo yake, alikuwa tayari ameshatiliwa shaka.

Shaka hiyo ilikuwa na nguvu, kwa sababu Wanyakyusa waliamini kuwa hisia za jirani zinaweza kuumiza mwili. Watu kadhaa wa kijiji, pamoja na kiongozi wao, waliaminiwa kuwa na chatu tumboni, nguvu isiyoonekana inayowawezesha kuwaona wachawi ndotoni na kupigana nao usiku. Hao walikuwa walinzi wa kijiji. Lakini nguvu ile ile, majirani walipochukizwa kwa haki na mwenzao, ilimwangukia kama pumzi ya baridi. Mtu aliyechinja ng'ombe asiwape majirani nyama, mke aliyemtukana mumewe, kijana aliyemvunjia heshima mkwewe, aliweza kupata homa, miguu kulegea au utasa kwa ajili ya manung'uniko ya watu yaliyokuwa na msingi. Wachawi nao walikuwa na chatu, ila walimtumia kwa uroho, wakila nyama za watu na kunyonya maziwa ya ng'ombe wa wengine.

Monica Wilson aliona hapa jambo ambalo wanasaikolojia wangelishughulikia kwa bidii miaka mingi baadaye. Ugonjwa mmoja wa mtu mmoja ulikuwa na tafsiri mbili, na tafsiri ilitegemea aliyekaa upande gani. Majirani walisema ni pumzi ya watu, yaani adhabu halali kwa mwenye makosa. Mgonjwa na ndugu zake walisema ni uchawi, yaani uovu wa wenye wivu. Kila upande ulikuwa na hisia zake: majirani waliona wametendewa haki, mgonjwa aliona ameonewa. Kilichoamua ni nani aliaminika zaidi, na hapo ndipo tabia ya mtu ilipoingia. Mtu mchangamfu na mkarimu aliyeugua alipewa heshima ya kuitwa aliyeonewa. Mtu mgumu aliambiwa yamempata aliyoyatafuta.

Kwa ugonjwa uliotokana na ukoo, tiba ilikuwa kusema. Baba au kaka mkubwa aliyekuwa na hasira juu ya mtoto aliyemtoroka au mali ya ndoa isiyogawanywa vizuri aliweza kumletea mtoto huyo ugonjwa bila kunena lolote. Hasira iliyofungiwa moyoni ilihesabiwa kuwa hatari kuliko ile iliyotoka kinywani. Matambiko ya Wanyakyusa, kama Wilson alivyoyaeleza, yalisisitiza hili tena na tena. Waliokusanyika kwenye maziko, kwenye kuzaliwa kwa mapacha au kwenye dhabihu walitakiwa kuyatoa ya moyoni, kukiri walichokasirikia, kisha kutema maji au pombe kama alama kwamba hasira imetoka. Aliyenyamaza alihofiwa. Katika mafundisho ya nyumbani ya Waswahili wengi, mwenye subira ni yule anayemeza maneno; katika Unyakyusa ya wakati ule, kumeza maneno kulikuwa karibu sawa na kuandaa sumu. Tofauti hii si ndogo, na inapasa kumtahadharisha yeyote anayesema kwa jumla kwamba Waafrika hufanya hivi au vile na hisia zao.

Monica Wilson hakuishia kwa Wanyakyusa. Kabla ya kuja Rungwe alikuwa amechunguza Wapondo wa Afrika Kusini, na mwaka 1951 alichapisha makala iliyowalinganisha. Mchawi wa Kinyakyusa alitamani nyama na maziwa; mchawi wa Kipondo alihusishwa na tamaa ya mwili na viumbe vya ajabu vinavyowaendea watu usiku. Wilson aliuhusisha uroho wa kwanza na maisha ya majirani wanaoona nyama ya mwenzao ikiiva bila haki ya kuidai, na tamaa ya pili na maisha ya ukoo mpana ambamo ndoa kati ya watu wengi wanaoishi karibu imekatazwa. Kwa maelezo haya, hofu ya watu na sura ya mtu mbaya wanayemwogopa vinatoka kwenye mpangilio wa maisha yao. Hoja hiyo imeshambuliwa kwa kuwa nyepesi mno, na kweli haielezi kwa nini mtu mmoja ndani ya kijiji kile kile ana wivu na mwingine hana. Lakini kwa kuonyesha kwamba jinsi ya kuitafsiri hali hufundishwa na jamii kabla ya kuwa sifa ya mtu binafsi, bado ni kazi bora kuliko nyingi zilizofuata.

Wakati akina Wilson wakiwa Rungwe, ukanda mzima ulikuwa umetoka kupita katika wimbi la mchape. Vijana waliovaa nguo za Kizungu, wengi wakitoka Nyasaland, walizunguka vijijini mwanzoni mwa miaka ya 1930 wakidai kuwa na dawa ya kuuondoa uchawi kabisa. Audrey Richards aliwaona kwa Wabemba na kuandika juu yao mwaka 1935. Wanakijiji walipangwa mstari na kupita nyuma ya mganga, naye akawatazama katika kioo kidogo cha duara. Aliyeonekana na kasoro aliitwa, akatakiwa kutoa pembe na hirizi zake, kisha akanywa dawa pamoja na wengine. Richards alizichunguza pembe zilizotolewa na kukuta kwamba nyingi zilikuwa za dawa za kawaida za kinga, kuwinda au mapenzi. Kioo kilirahisisha kazi ambayo mabaraza ya wazee, ramli na sumu ya mwavi vilikuwa vimeifanya kwa muda mrefu. Mwavi ulikuwa umepigwa marufuku, na Sheria ya Uchawi ya Tanganyika ya mwaka 1928 ilimtia hatiani hata anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Kesi za moyo zikakosa mahakama, na mchape ukachukua nafasi hiyo.

Wimbi halikuisha. Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa kuanzia mwaka 1962 hadi 1964, alikuta Kamchape, kama mchape ulivyoitwa huko, ikisafisha vijiji kwa njia zilizofanana na zile alizoziona Richards miaka 30 nyuma. Maelezo yake juu ya Wafipa yanasaidia kwa upande mwingine. Wafipa alioishi nao walimheshimu mtu wa kichwa, anayetumia akili na maneno mazuri, na walimweka chini yake mtu wa kiuno, anayeongozwa na tamaa. Kijiji kilikuwa mahali pa mazungumzo, na mkaaji mwema alikuwa yule anayezungumza na watu wote bila kukwaruzana. Katika mazingira hayo mpweke na mkimya walikuwa na kazi ya kujieleza, na shutuma za uchawi ziliwaangukia zaidi wazee ambao uwezo wao wa kuushika utulivu wa kijiji ulikuwa umepungua machoni mwa vijana. Jina la Kamchape bado linasikika Rukwa, Katavi na Kigoma, na serikali imewazuia watu wa kazi hiyo mara kadhaa.

Mwaka 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, Walter Goldschmidt wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alianzisha mradi mkubwa wa kulinganisha wakulima na wafugaji wa Afrika Mashariki. Walichaguliwa Wahehe wa Iringa, Wakamba na Wapokoti wa Kenya, na Wasebei wa Uganda, na katika kila kabila likatafutwa eneo la kilimo na eneo la ufugaji. Robert Edgerton alipewa upande wa saikolojia: aliwahoji mamia ya watu wazima, akiwaonyesha picha za matukio ya kila siku na kuwauliza nini kinatokea na watu wa kwenye picha wanajisikiaje. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1971. Kwa watu wengi wa Songwe wa sasa, ambao wamewaona Wasukuma wakishuka bonde la Rukwa na mifugo yao na kukaa kando ya wakulima, hitimisho lake kuu halitakuwa geni. Wafugaji walionyesha hisia zao waziwazi zaidi, ziwe za upendo au za chuki, na walikuwa tayari zaidi kuchukua hatua ana kwa ana. Wakulima walikuwa na tabia ya kuficha, kuepuka ugomvi wa moja kwa moja na kuogopa zaidi uchawi na maneno ya kando.

Maelezo ya Edgerton na Goldschmidt yalikuwa ya kiuchumi kwa sehemu kubwa. Mfugaji aliyegombana na jirani anaweza kukusanya ng'ombe wake na kuhama. Mkulima amefungwa na shamba lake. Jirani aliyemuudhi leo ndiye atakayepakana naye msimu ujao, na mwaka mwingine, na maisha yote. Hasira ya mkulima basi hujifunza kukaa kimya. Wahehe, ambao ndio Watanzania pekee katika uchunguzi ule, walionekana kuwa watu wa adabu nyingi, usiri na kutoaminiana, na hapo hapo wepesi wa kulipuka. Edgerton na mwenzake Edgar Winans walieleza mwaka 1964 jinsi Wahehe walivyotumia litego, dawa inayowapata wezi na wakosaji bila ya mwenye mali kukabiliana nao. Dawa hiyo ilimwezesha mtu kulipiza bila kuonekana mwenye hasira, jambo la faida kubwa kijijini.

Udhaifu wa kazi ile uko wazi. Majibu yalipita kwa wakalimani, na picha zenyewe zilichorwa na wageni waliokuwa wameshaamua hali ipi ni ya ugomvi na ipi ni ya amani. Tena, kila kabila lilikuwa na sura yake ambayo kilimo na ufugaji havikutosha kuieleza. Hata hivyo mradi uliuliza swali kwa namna iliyoweza kujibiwa, jambo ambalo haliwezi kusemwa juu ya daktari mwingine wa zama hizo. J. C. Carothers alisimamia Hospitali ya Mathari mjini Nairobi kuanzia mwaka 1938 hadi 1950, akaandika mwaka 1953, kwa niaba ya Shirika la Afya Duniani, kitabu juu ya akili ya Mwafrika, na mwaka uliofuata ripoti ya serikali ya Kenya juu ya saikolojia ya Mau Mau. Alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Hasira ya Wakikuyu walionyang'anywa ardhi aliieleza kama tatizo la tabia ya watu waliochanganyikiwa na mabadiliko, na ardhi yenyewe ikabaki pembeni. Msomi aliyekuwa na cheo kikubwa kuliko mzee yeyote wa baraza alifanya kosa ambalo mzee asingelifanya: alisahau kuuliza mwenye hasira kakosewa nini.

Katika miaka hiyo hiyo, mbali na Afrika, saikolojia ilikuwa ikianza kulitazama jambo hili kwa njia nyingine. Magda Arnold alichapisha mwaka 1960 kitabu juu ya hisia na tabia, akidai kwamba hisia haianzi na tukio bali na tathmini ya tukio: mtu huamua kwanza, mara nyingi kwa kasi asiyoitambua, kama jambo ni jema au baya kwake, ndipo mwili na moyo hufuata. Richard Lazarus alilipima dai hilo maabara mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliwaonyesha watu filamu ya sherehe ya jando yenye maumivu makali ya Waaborijini wa Australia, akibadilisha maelezo yanayosikika. Waliosikia kwamba vijana wanaumia na wako hatarini walishtuka zaidi kuliko waliosikia kwamba ni shughuli ya furaha au waliopewa maelezo ya kitaalamu. Picha ilikuwa ile ile.

Kutoka hapo, swali la tabia likapata sura mpya. Tabia ya mtu, kwa wataalamu wa mkondo huu, ni kwa sehemu kubwa mazoea ya kutathmini. Mwenye wasiwasi mwingi huona hatari pale wenzake wanapoona usumbufu. Asiyepatana na watu huona kusudi ovu pale wengine wanapoona bahati mbaya. Kenneth Dodge alionyesha mwaka 1980, kwa wavulana wa shule wa Marekani, kwamba wale wagomvi walielekea kudhani mwenzao kawakosea makusudi hata tukio lilipokuwa halieleweki. Mwaka 2015 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya watoto 1,299 kutoka nchi tisa, Kisumu ikiwa mojawapo ya miji iliyohusika. Katika makundi yote, mtoto aliyeona kusudi baya ndiye aliyekuwa mwepesi kujibu kwa ukali, na makundi yenyewe yalitofautiana kwa wastani wa kudhani kusudi hilo. Maneno ya Monica Wilson juu ya jirani na mgonjwa yanasikika ndani ya takwimu hizo, ingawa hakuna aliyemtaja.

Uchunguzi mwingine unagusa ukanda huu kwa karibu zaidi. Klaus Scherer na wenzake waliwauliza karibu wanafunzi 3,000 wa vyuo katika nchi 37, zikiwemo Zambia na Malawi, waeleze matukio yaliyowapa furaha, hasira, hofu, huzuni, karaha, aibu na hatia, na waliyaonaje. Katika taarifa yake ya mwaka 1997, sura ya tathmini ilifanana sana duniani kote: hasira ilikwenda na kuzuiwa na kuonewa, hofu na kutojua kitakachotokea. Lakini wanafunzi wa Afrika walielekea zaidi kuyaona matukio hayo kuwa ya uonevu, yaliyo kinyume cha maadili na yaliyosababishwa na wengine. Wapo waliokimbilia kutaja imani za uchawi kama sababu. Maelezo hayo ni ya haraka mno. Mwanafunzi wa chuo cha Lusaka au Zomba wa miaka ya 1980 aliishi chini ya chama kimoja, katika uchumi uliokuwa ukididimia, na mambo mengi yaliyompata kweli yalisababishwa na wengine. Mtu huweza kuona uonevu kwa sababu uonevu upo.

Songwe ya sasa ina maswali ya namna hiyo kila siku. Barabara kuu ya kwenda Zambia na reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975, ziliifanya Tunduma kuwa mji wa mpaka wenye fedha za haraka. Momba ikawa wilaya mwaka 2012, na Mkoa wa Songwe ukatengwa na Mbeya mwaka 2016. Katika bonde la Msangano ufuta na mpunga huweza kumwinua mkulima mmoja kwa msimu mmoja na kumwacha jirani yake alipokuwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mkoa wa Mbeya wa wakati huo, hasa upande wa Mbozi, ulitikiswa na mauaji ya kuchuna ngozi za watu, na kwa muda hofu ilimfanya kila mwenye gari, duka au nyumba mpya aulizwe kimyakimya alipopatia. Swali la akina Wilson lilirudi likiwa na mavazi mapya: mali ya mwenzako ni jasho au ni damu? Jibu lilitegemea, kama zamani, alivyojulikana mwenye mali: anavyosalimu, anavyochangia misiba, kama milango yake iko wazi.

Makanisa nayo yamechukua sehemu ya kazi ya matambiko. Maombi ya kufunguliwa, ambamo mtu hutaja hadharani anachokiogopa na anayemshuku, yanatoa nafasi ya kusema. Ila tofauti na zamani, yule anayeshukiwa mara nyingi hayupo ukumbini kujibu. Hapo ndipo yanapopungukiwa. Tambiko la zamani liliwaweka pande zote mbili kwenye mtungi mmoja wa pombe, na mwenye hasira alilazimika kusema mbele ya aliyemkasirikia.

Kinachofanana zaidi na tambiko hilo ni taasisi ya serikali. Sheria ya Mabaraza ya Kata ya mwaka 1985 ilianzisha katika kila kata, Msangano ikiwemo, baraza la watu wasiopungua wanne na wasiozidi wanane wanaochaguliwa kati ya wakazi, wakiwa na jukumu la kwanza la kupatanisha. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, baraza hilo haliamui tena mashauri ya ardhi. Huwakutanisha wanaogombana na kuwasikiliza, na likishindwa kuwapatanisha ndani ya siku 30, mlalamikaji yuko huru kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.